Pilipili Hoho na Ndugu Zake: Majibu kwa Maswali ya Wakulima na Walaji

Wakulima wa bustani hutuuliza mara nyingi iwapo pilipili hoho huwa kali zikipandwa jirani na pilipili kali. Kwa msimu huo, hapana. Nyama ya tunda hujengwa na mmea mama, na chavua inayoletwa na nyuki haibadilishi ladha yake. Kinachobeba urithi wa pande zote mbili ni mbegu zilizo ndani. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni mkulima anayejitunzia mbegu, kwa kuwa hoho na aina nyingi za pilipili kali ndefu ni spishi moja, Capsicum annuum, ambazo huchavushana kwa urahisi, na kwa kuwa sifa ya ukali hutawala, mche utakaotokana na mbegu iliyochanganyika utazaa matunda yanayowasha hata kama mbegu hiyo ilitolewa katika hoho isiyo na ukali wowote. Kinga yake ni nyepesi: tawi lifunikwe kwa chandarua kabla maua hayajachanua, maana ua la hoho huweza kujichavusha lenyewe. Mbegu za matunda ya hoho chotara, kwa maoni yetu, hazifai kutunzwa hata kwa kinga hiyo, kwani kizazi kinachofuata hakifanani.

Ukali wenyewe hutokana na kapsaisini, ambayo huzalishwa katika utando mweupe unaoshikilia mbegu. Kwa hiyo anayeondoa mbegu na kuuacha utando amejisumbua bure. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, ndiyo sababu maziwa hutuliza mwasho pale ambapo maji hayafui dafu.

Hoho nyekundu kwa kawaida ni ileile ya kijani iliyoachwa shambani hadi ikaiva, nayo huwa na vitamini C nyingi zaidi. Madai kwamba kuna hoho dume na hoho jike kulingana na idadi ya vinundu vya chini hayana msingi.

Pilipili manga si ndugu wa hoho. Ndugu za hoho ni nyanya, biringanya, nyanya chungu, mnavu na viazi mviringo, ambao hushambuliwa pamoja nayo na mnyauko bakteria. Mkulima aliyevuna nyanya kwenye eneo lenye ugonjwa huo asipande hoho hapo msimu unaofuata. Apande mahindi kwanza.