Kuvunja ubao kwa mkono: yanayosemwa na ukweli wake

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa karate au taekwondo ameelewa kuvunja ubao, iache ngumi yake kwanza. Mwangalie anavyouchagua ubao.

Watazamaji wa maonyesho hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema ubao umekatwa kwa siri. Wa pili husema jamaa ana nguvu zisizo za kawaida. Wote wamesahau kwamba ubao una nyuzi. Mti ni mgumu sana kuukata kwa kuzikatiza nyuzi zake, lakini kuzitenganisha nyuzi zenyewe ni rahisi, na kila aliyepasua kuni analijua hilo. Ubao wa mazoezi wa mtu mzima huwa ni msonobari mkavu, wenye upana na urefu wa kama sentimita 30 na unene unaokaribia sentimita 2.5, usio na fundo lililoachwa na tawi. Unashikwa kwenye kingo zile zinazokwenda sambamba na nyuzi, ili ufa ufuate njia yake. Ugeuze ubao huohuo robo mzunguko, na anayeweza kuvunjika ni mpigaji.

Hakuna udanganyifu hapo. Kipimo kimechaguliwa ili mkono wa binadamu uweze kukifaulu. Ndiyo sababu nasisitiza: msiokote ubao wowote nyuma ya karakana ya seremala. Mninga, mvule na mtiki si mbao za mazoezi. Plaiwudi ni mbaya zaidi, hata ikiwa nyembamba, kwa sababu matabaka yake yamegundishwa huku nyuzi zikipishana makusudi ili isipasuke.

"Huyu mwembamba hawezi." Anaweza, akiwa na kasi. Nishati ya mkono huongezeka kwa mraba wa kasi: uzito ukiongezeka maradufu nishati huongezeka maradufu, lakini kasi ikiongezeka maradufu nishati huwa mara nne. Mwaka 1979 wanafizikia Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk waliandika katika jarida la Scientific American kuhusu fizikia ya karate. McNair mwenyewe alikuwa na mkanda mweusi. Baadaye akawa mwanaanga, akafariki katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Mkono wa aliyefunzwa unaweza kupita mita 10 kwa sekunde, na kasi yake hufika kileleni kabla mkono haujanyooka wote. Kwa hiyo anayelenga uso wa ubao anaufikia wakati mkono umeanza kupoa. Sensei, yaani mwalimu wa karate, anapokwambia "piga nyuma ya ubao", anakupa fizikia, hata kama yeye huiita roho.

Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Wanaogopa maumivu, wanapunguza mwendo mwishoni, ubao unabaki mzima na mkono unauma kwelikweli. Ubao uliokubali kuvunjika huuachia mkono upite. Uliogoma huusimamisha ghafla, na pigo lote hubaki kwenye mifupa.

Dhana inayonikera kuliko zote ni ile ya kukomaza mikono kwa kupiga ukuta au shina la mti kila siku. Ni kweli mfupa hujiimarisha taratibu ukipewa mzigo wa kiasi na muda wa kupumzika. Gegedu la kwenye viungo si hivyo: likijeruhiwa halirudi vizuri, na vidole hivyo ndivyo utakavyoshikia kalamu na jembe. Kwa watoto naliona kosa kubwa, maana mifupa yao bado ina sehemu laini za kukulia hadi wanapokaribia utu uzima. Mtoto apewe ubao mwembamba, aupige kwa kisigino au kitako cha kiganja. Ngumi isubiri, na ikija ipige kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo huvunjika haraka.

Kuhusu rundo la mbao: kipande kimoja chenye unene maradufu kinahitaji nguvu takriban mara nne, ilhali mbao mbili zilizolazwa pamoja bila gundi zinahitaji kama mara mbili tu. Zikitenganishwa kwa vijiti huvunjika moja baada ya nyingine, na kazi huwa nyepesi zaidi. Msihesabu mbao bila kutazama kilicho katikati.

Na kuvunja ubao si kupigana. Taekwondo ya Olimpiki, iliyoanza kutoa medali rasmi mwaka 2000, haina ubao. Ubao uko kwenye mitihani ya mikanda na maonyesho.

Mshikaji hasifiwi, ila nusu ya kazi ni yake. Anyooshe mikono na kuikaza, atangulize mguu mmoja, vidole vikae kingoni na uso ageuze pembeni. Akirudi nyuma hata kidogo, pigo linapotea, na lawama anaibeba mpigaji.