Madini kwa ng'ombe mwenye mimba: maswali ya wafugaji wa Moshi

Ng'ombe wangu nimemkausha, amebakiza miezi miwili azae. Hatoi maziwa, nimpe madini ya nini?

Hapo napo anayahitaji sana. Huku vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, tumezoea kufanya kinyume: anayekamuliwa anapewa pumba, mashudu na madini ya unga, aliyekaushwa anakatiwa migomba na mabua, na jiwe la kulamba linahamishiwa kwa mwenzake. Kumbe ndama hukua sana tumboni miezi mitatu ya mwisho, na wakati huo anavuta shaba kwa mama yake na kuiweka kwenye ini lake. Mara nyingi ndama mchanga ana shaba nyingi zaidi katika kila gramu ya ini kuliko mama aliyemzaa. Mama akipungukiwa, mimba inaendelea kuchota akiba yake. Ikiisha, ndama naye anazaliwa bila akiba.

Si atayapata kwenye maziwa?

Kalsiamu ataipata. Shaba na chuma ni kidogo mno kwenye maziwa. Ini ndilo ghala lake mpaka azoee majani na pumba. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ina nafuu kidogo, kwa hiyo anyonye mapema.

Wenye nguruwe wanalijua hili kwa vitendo. Kitoto cha nguruwe huzaliwa na chuma kama miligramu 50 mwilini, huhitaji kama 7 kwa siku, na maziwa humpa kama 1 tu. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini bwana mifugo anakuja na sindano ya chuma siku za mwanzo.

Nitajuaje kwamba madini yamepungua?

Shaba ikipungua, ng'ombe mweusi hugeuka rangi ya kutu na manyoya yanapauka kuzunguka macho. Mbuzi aliyepungukiwa akiwa na mimba anaweza kuzaa kitoto kinachoyumba miguu ya nyuma. Seleniamu ikikosekana, ndama hushindwa kusimama kwa udhaifu wa misuli, na mama anaweza kubakiza kondo la nyuma. Iodini: kitoto chenye uvimbe kooni.

Ila usikimbilie kulaumu madini. Ndigana kali (ugonjwa unaoletwa na kupe) na minyoo pia hudhoofisha ndama, na kondo kubaki kunaweza kutokana na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza watu. Usilivute kwa mikono mitupu.

Kipimo cha damu nacho kinaweza kukudanganya: shaba ya kwenye damu hubaki ya kawaida muda mrefu huku ini likiendelea kuishiwa. Jibu la uhakika liko kwenye ini lenyewe, ndiyo maana wataalamu huchukua sampuli hata machinjioni.

Magadi hayatoshi?

Hayatoshi. Magadi ni ya sodiamu, hayawezi kuziba pengo la shaba, zinki wala seleniamu. Tena mengine yana floridi nyingi, na wenzetu wa upande wa Meru wana floridi tayari kwenye maji. Watazame watu wa huko meno. Mnyama anayeota meno ya kudumu ndiye anayeumia zaidi: meno hupata madoa na kulika haraka.

Nimpe kiasi gani?

Fuata maelezo ya kwenye mfuko, na uchague ya ng'ombe aliyekaushwa kama duka la pembejeo linayo. Usiwape kondoo madini ya ng'ombe. Shaba hujilimbikiza kwenye ini la kondoo kimyakimya, kisha siku moja unamkuta macho ya njano, mkojo mwekundu, na hachukui muda kufa. Sindano ya seleniamu mwachie daktari wa mifugo, kwani dozi inayotibu na inayoua haziko mbali.