Nyumba nzima inajikuna? Msisingizie maji ya Dodoma

"Daktari, ni haya maji yenu ya chumvi. Nyumba nzima tuna aleji." Kauli hii haikauki kliniki ya ngozi, hasa kwa watumishi waliokuja tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Wenyeji nao wana yao: aleji ya ukoo, imetoka kwa bibi mzaa baba. Zote mbili zimenichosha, maana ninachokiona mara nyingi kwenye vidole vya baba, mama, watoto na dada wa kazi ni upele. Upele wenyewe, ule wa utitiri unaochimba ngozi.

Maji ya visima vya Makutupora ni magumu kweli, sabuni haitoi povu upesi. Ongeza upepo mkavu wa kiangazi, ngozi inapauka na kuwasha. Lakini ukavu huo huonekana zaidi miguuni, na ukijipaka mafuta mara tu baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu, unatulia. Maji hayachagui katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapa, kitovu, kiuno, matako na, kwa wanaume, sehemu za siri. Wala hayasubiri usiku. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiwashwa, na muwasho ukazidi wakishajifunika blanketi, mimi huanza na upele kabla ya kufikiria kingine.

Aleji haiambukizi. Kinachorithiwa ni mwelekeo tu: baba ana pumu, shangazi mafua ya vumbi, mtoto pumu ya ngozi. Watu watano hawarithi vipele vilevile ndani ya mwezi mmoja. Nami huwa nauliza: dada wa kazi naye ni wa ukoo wenu? Hapo baba hunyamaza.

Kinachowapoteza watu ni muda. Anayeupata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anaambukiza. Mwanafunzi anarudi likizo kutoka bweni mwezi wa sita, analala na wadogo zake, anaondoka. Nyumbani wanaanza kujikuna mwezi wa saba au wa nane, na hakuna anayemkumbuka yule mwanafunzi. Wanakumbuka sabuni mpya, samaki wa Mtera na maji.

Kisha wanakwenda duka la dawa, wanapewa krimu ya betamethasoni, dawa ya steroidi. Hapa ndipo ninapokasirika. Krimu ile inapoza muwasho siku chache, vipele vinabadilika sura, utitiri unaendelea kuzaana. Baadaye naletewa ngozi ambayo hata mimi napata tabu kuisoma.

Dawa ni za kupaka: BBE (benzili benzoeti) au permethrini ya asilimia 5, kwa nyumba nzima, siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Mtu mzima hujipaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha; mtoto mchanga hupakwa na kichwani, machoni na mdomoni pasiguswe. BBE ya watu wazima inaunguza ngozi ya mtoto, kwa hiyo huzimuliwa: muulize mfamasia, usikisie. Permethrini hurudiwa baada ya wiki. Nguo na mashuka fueni kwa maji ya moto, anikeni juani. Visivyofulika vifungeni kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi. Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 utitiri ukiwa umeshakufa. Msijipake dawa kila siku kwa hasira, mtajichubua bure.

Mengine nayapitia haraka.

"Ni damu chafu." Dawa za kukuharisha ili "kusafisha damu" zinakumaliza maji mwilini, upele unabaki palepale.

"Upele ni wa watu wachafu." Utitiri unahama ngozi ikigusana na ngozi, hata ya aliyeoga mara tatu. Aibu hii ndiyo inayofanya watu waseme aleji.

"Nipime aleji zote." Kipimo cha damu kikisoma mayai, haimaanishi kwamba mayai ndiyo yanayokuwasha. Kwanza nionyesheni vidole.

"Tumemkataza mtoto karanga na mayai." Mtoto anayeshindia uji na ugali wa uwele kwa mlenda, mkimnyima na karanga atapata wapi nguvu? Aleji ya kweli ya chakula kwa kawaida huja ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, na hujirudia kila akila chakula kilekile. Hapo ndipo pa kukataza. Na akivimba midomo au kuhema kwa shida, msitafute vidonge vya aleji kama piriton dukani wala msisubiri kliniki. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.