Je, wajua kwa nini upepo huezua darasa na kuiacha nyumba ya jirani?

Kila masika yakianza habari ni zile zile: mvua ya upepo imeezua madarasa mawili, wanafunzi wanasomea chini ya mwembe, na nyumba ya mwalimu iliyo hatua hamsini kutoka hapo haijapoteza hata bati moja. Wengi husema bati lilikuwa jepesi mno, ndiyo maana shule nyingi hupandisha mawe, matairi na mifuko ya mchanga juu ya paa.

Tupige hesabu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una mgandamizo wa takriban kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 lina kilo tatu hivi kwa eneo hilo. Ukijumlisha na mbao zake, paa la kawaida halifiki kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Kwa darasa la mita 9 kwa 7, nguvu ya kunyanyua inakaribia tani tatu na nusu, na uzito wa paa ni kama tani moja. Mawe 20 ya kilo kumi kumi ni kilo 200 tu. Hayazuii chochote, na paa likifumuka ndiyo yanayoangukia watu. Bati nene lina faida, lakini si ya uzito: halichaniki haraka pale kwenye kichwa cha msumari.

Tena upepo hausukumi tu, unavuta. Wavuvi wanalijua hili bila fomula. Dau likienda joshi, yaani kwa mshazari kuelekea upepo unakotoka, tanga halisukumwi kwa nyuma peke yake; linavutwa pia na upepo unaopita upande wake uliotuna. Paa ni tanga lililolazwa. Upepo ukigonga ukuta hupanda, hujikunja ukingoni mwa paa na kuongeza kasi, na hapo mgandamizo wa hewa juu ya bati hushuka. Mvuto huwa mkali zaidi kwenye kingo, pembe na karibu na kofia, pale kileleni mwa paa, na paa lililolala sana huvutwa kuliko lenye mwinuko wa nyuzi 30. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Ndani nako kuna kazi. Madirisha ya upande unakotoka upepo yakiwa wazi na ya upande wa pili yamefungwa, darasa hujaa hewa kama mfuko wa rambo uliopulizwa. Juu panavuta, chini panasukuma. Kwa hiyo mvua ikitanda, funga kwanza upande wa upepo.

Hapo ndipo darasa linapotofautiana na nyumba ya mwalimu. Darasa ni chumba kimoja kipana kisicho na kuta za kati, lina madirisha mengi, mengine hayana vioo, paa la baraza limeungana na paa kubwa, na mbele kuna uwanja wa mpira usio na mti wa kuvunja upepo. Wakati mwingine, hata hivyo, ni njia tu: upepo wa mvua za radi unaweza kupita kwenye ukanda mwembamba na kumkosa jirani kabisa.

Baada ya tukio, angalia kilichoruka. Bati peke yake likiruka, tatizo ni misumari ya bati. Likiruka na papi zake, yaani mbao zinazopigiliwa bati, tatizo ni papi zilivyofungwa kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Paa likiruka zima na kenchi zake, bati bado limeshikamana vizuri, basi halikufungwa kwenye ukuta. Paa ni mnyororo, na kuongeza misumari kwenye bati hakusaidii kama pete iliyokatika iko juu ya ukuta.

Msumari uliopigwa wima hushikwa na msuguano wa nyuzi za mbao tu, na upepo unauvuta kuelekea kule kule ulikoingilia. Kwa hiyo kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma uliopigiliwa ubavuni, ili upepo ulazimike kuukata msumari badala ya kuuchomoa. Mkanda huo, au nondo, uanzie ndani ya zege la lenta, ile boriti iliyo juu ya ukuta. Kuuzungushia tofali la juu peke yake ni kulipandisha tofali pamoja na paa.

Ukaguzi ufanywe kabla ya vuli na kabla ya masika. Tafuta kichwa cha msumari kilichoinuka, kipira kilichopasuka, tundu lililotanuka kama la kifungo. Msumari uliolegea usirudishwe kwa nyundo, maana mbao imeshaacha kuushika. Weka skrubu nene zaidi, au piga mpya pembeni na uzibe tundu la zamani. Choma mbao za juu ya ukuta kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mchwa au unyevu umeshamaliza kazi. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, palipo na papi.

Paa likishaondoka, hatari inayofuata ni ule ukuta wa ubavuni wenye kichwa cha pembetatu. Ulikuwa umeegemea paa. Sasa umesimama peke yake, umelowa, na unaweza kuanguka saa kadhaa baadaye, upepo ukiwa umetulia na watoto wamerudi kutafuta madaftari. Zungushia kamba upande wa ndani na wa nje, umbali usiopungua mara moja na nusu ya kimo chake, mpaka fundi auegemeze kwa mbao au aubomoe kuanzia juu.