Bolshoi haikukunjwa kwa mkasi
Wengi huamini kwamba jengo la Bolshoi, ukumbi wa maonyesho wa Moscow, linalojikunja katikati katika Man with a Movie Camera, filamu ya 1929 ya mwongozaji wa Kisovieti Dziga Vertov, lilitengenezwa kwenye meza ya uhariri. Sivyo, ni kazi ya kamera. Nusu ya lenzi huzibwa kwa kibati cheusi, kamera ikainamishwa upande mmoja huku mpiga picha akihesabu mizunguko ya mpini wa kamera, kwa kawaida fremu (picha moja moja) 8 kila mzunguko. Kisha lenzi hufunikwa, mkanda wa filamu ukarudishwa nyuma kwa mizunguko ileile, kibati kikahamishwa na kamera ikainamishwa upande wa pili. Nusu zikipandiana, hutokea mstari mweupe. Zikiacha pengo, mweusi. Kibati hukaa mbele ya lenzi, mbali na mkanda wa filamu, ili ukingo wake ufifie na kuficha kiungo. Elizaveta Svilova, mhariri wa filamu hiyo, hodari kweli, hakuhitaji kukata chochote hapo.