Jogoo mpya akizua vita bandani, anza kwa kuhesabu majike

Wafugaji wengi siku hizi wananunua majogoo wa Kroiler, Sasso au Kuchi ili kuboresha kuku wao wa kienyeji. Ni jambo jema, na sisi maafisa mifugo tunaliunga mkono. Lakini malalamiko yanayotufikia yameongezeka: jogoo anachana matetea migongo, au matetea wanampiga jogoo mgeni hadi anajibanza kwenye kona bila kula. Anayelalamika huwa ameshaamua kuwa jogoo ana kichaa na dawa yake ni kisu. Mara nyingi jogoo hana kosa. Tatizo ni idadi ya majike aliyopewa na namna alivyoingizwa.

Kuku huishi kwa kupangana vyeo. Katika miaka ya 1920 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jinsi kila kuku anavyomjua wa kumdonoa na wa kumkimbia. Majike wana vyeo vyao, majogoo vyao, na jogoo aliyekomaa kwa kawaida huwa juu ya majike wote. Vyeo vikishatulia, ugomvi unapungua. Tetea mkubwa akiinua shingo tu, mdogo wake anakiacha chombo cha chakula. Kila ukiongeza au kuondoa kuku, mpango huo unaanza upya. Anayenunua mmoja leo na wawili wiki ijayo asishangae kuona vita visivyokwisha.

Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Ukimpa watatu, atawapanda hao hao kutwa nzima. Mshike tetea umkague: manyoya ya mgongoni na kisogoni yamekatika, na ukiinua bawa unaweza kukuta ngozi imepasuliwa na kucha au kipi, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo. Hali huwa mbaya zaidi pale jogoo mzito wa chotara anapowekwa na matetea wadogo wa kienyeji. Mtenge tetea huyo mpaka kidonda kipone, mpake dawa ya zambarau, maana kuku wakiona damu hudonoa hapo hapo hadi kuua. Jogoo naye sugua ncha ya kipi kwa tupa, ncha tu, usifike kwenye nyama.

Unaweza pia kumtenga jogoo kwa siku kadhaa. Mbegu yake hubaki mwilini mwa tetea, kwa hiyo mayai ya wiki inayofuata bado yanafaa kuatamiwa. Na kwa kuwa swali hili haliishi, nalijibu tena: tetea hahitaji jogoo ili atage. Ukimwondoa jogoo, mayai hayapungui, na ukiongeza wa pili hupati hata yai moja la ziada. Tumelieleza hili mikutanoni mara nyingi, na bado kuna watu wanaweka majogoo wanne kwenye matetea sita wakingoja mayai.

Jogoo wa miezi minne akipigwa na matetea wakubwa, mwache, ilimradi anakula na hatoki damu. Akikomaa atashika nafasi yake. Kumtetea kwa fimbo kunarefusha ugomvi.

Jogoo uliyemnunua nje akae kwanza peke yake, mbali na banda, kwa siku zisizopungua 14. Baada ya hapo mweke nyuma ya wavu kwa wiki moja, waonane bila kugusana. Kisha muingize usiku, umpandishe kwenye kichanja pamoja na wenzake, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani. Asubuhi weka chakula na maji sehemu mbili au tatu ili mnyonge naye apate. Kama banda limejaa kupita kuku wakubwa 5 kwa mita moja ya mraba, hakuna mbinu itakayosaidia.

Kuhusu usafirishaji, kibali si cha ng'ombe peke yao. Hapa Tanzania kuku nao wamo katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Nenda kwa mkaguzi wa mifugo wa eneo unalonunulia kabla ya kusafiri, ueleze idadi, unakowatoa, unakowapeleka na kwa madhumuni gani, ulipie kwa namba ya malipo ya serikali, kisha safiri na kibali chenyewe mkononi. Kusafirisha bila kibali ni kosa, na kutojua utaratibu si utetezi. Vilevile Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Wenye Kuchi, kuku wenye asili ya kupigana, wasiwachonganishe majogoo kwa mchezo wala kwa dau.

Katika siku hizo 14 mchanje jogoo dhidi ya mdondo (kideri) kama hana chanjo. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wote. Akipinda shingo au akiharisha kijani, usimuuze wala usimchinje. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, na bandani asitoke wala kuingia kuku yeyote mpaka afisa huyo afike.