Si Mvuke, ni Ukungu: Nebulaiza Inavyofikisha Dawa Mapafuni

Wengi huiita nebulaiza "mashine ya mvuke", na jina hilo limepotosha watu. Mvuke hutoka kwenye maji yaliyochemka. Nebulaiza haichemshi chochote. Huipasua dawa ya maji iwe matone madogo mno, ukungu unaovutwa pamoja na pumzi. Ndiyo maana kujifukiza kwa maji ya moto hakuchukui nafasi yake, na ndiyo maana mafuta ya kunukia hayatiwi humo kamwe. Mafuta yakiingia mapafuni yanaweza kuleta nimonia.

Siri yote iko kwenye ukubwa wa tone. Likizidi mikromita 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hunasa kooni na kumezwa. Likiwa chini ya 1 huelea tu, na mara nyingi hutoka tena na pumzi. Linalofika kwenye mirija midogo ya hewa ni la kati ya 1 na 5, na unywele mmoja wa binadamu una unene wa mikromita kama 70.

Katika mashine ya kompresa (pampu ya hewa) tuliyoizoea, hewa hupita kwa kasi kwenye tundu jembamba chini ya kikombe cha dawa, ikafyonza dawa na kuirarua. Matone makubwa hugonga kizuizi na kurudi chini yapasuliwe upya. Mashine za mawimbi ya sauti huipasha dawa joto, na hazifai kwa budesonaidi, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa. Za kisasa zaidi hutumia wavu: kibamba chenye matundu zaidi ya elfu moja, kinachotetemeka zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde. Ziko kimya, hutumia betri, na hubakiza dawa kidogo sana, ilhali kikombe cha kompresa huweza kubaki na mililita nzima. Ila matundu yake huziba upesi yasiposafishwa.

Linaloniumiza zaidi ni barakoa. Mtoto analia, mzazi kwa huruma anaisogeza mbali kidogo na uso, ukungu unaonekana ukipepea hewani, na kila mtu anadhani dawa inaingia. Nafasi ya sentimita chache tu hupoteza sehemu kubwa ya dozi. Kilio nacho hakisaidii: mtoto anayelia hutoa pumzi ndefu na kuvuta fupi za haraka, dawa ikaishia kooni. Mpakate, mtulize kwanza, kisha barakoa ikae sawasawa usoni. Mtu mzima na atumie kifyonzeo cha mdomoni, hasa mwenye glakoma (presha ya macho) anayepewa ipratropiamu, dawa ya kufungua mirija ya hewa, ili ukungu usimwingie machoni.

Keti wima, pumua kawaida. Kwa kompresa, dawa huisha kwa dakika 5 hadi 10. Kikombe kikianza kutematema, kigonge taratibu kwa kidole, matone yaliyoshika kuta zake yashuke. Dawa ikihitaji kuongezwa maji, tumia maji tasa ya chumvi pekee, yaani yasiyo na vijidudu. Maji ya bomba huweza kubana kifua na kubeba vijidudu. Baada ya budesonaidi, sukutua na unawe uso. Kila baada ya matumizi osha kikombe na barakoa kwa sabuni, suuza, acha vikauke vyenyewe.

Mgonjwa akimaliza dozi na bado hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha pumzi, mbavu zinaingia ndani, au midomo imegeuka rangi, usikae nyumbani ukijaza kikombe tena na tena. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.